Pumzi kwa Kimo: Mgonjwa Mnene kwenye Mashine ya Kupumulia katika Nyanda za Juu Kusini



Najua wapo waliosoma tangazo la mhadhara huu wakatabasamu. Upasuaji wa kupunguza unene, Iringa? Huu ndio mkoa ulioongoza kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 56.9 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wanaotaka kukatwa sehemu ya tumbo wapunguze kilo husikika zaidi wakielekea hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Sisi hapa tuna njaa iliyojificha. Unene ni habari ya mjini.

Lakini mgonjwa mnene yupo, na hatusubiri aje kutafuta wembamba. Anakuja kujifungua kwa operesheni pale hospitali ya Meta, Mbeya. Anakuja na ngiri iliyonasa, au na paja lililovunjwa na bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na 10 wakiwa wamenenepa kupita kiasi. Tunayoyajua kuhusu namna ya kuwapumulia watu hawa mengi yametoka kwenye vyumba vya upasuaji wa unene, kwa sababu huko kila anayelazwa mezani ni mnene. Elimu hiyo ndiyo ninayotaka tuiazime, kisha tuipime kwa mazingira yetu.

Mtu akipewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, haachi kupumua tu. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo nacho hulegea, na akiwa amelala chali tumbo hukisukuma juu. Kwa mnene, mafuta ya tumboni husukuma zaidi, na ya kifuani huzuia mbavu zisipanuke. Ile hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi, ambayo ndiyo akiba yetu, hupungua sana. Ndani ya dakika chache vifuko vya hewa vya upande wa mgongo hujifunga. Ukiongeza upasuaji wa matundu, ambapo tumbo hujazwa hewa ya ukaa kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, kiwambo husukumwa juu tena.

Sasa tazameni saa. Mtu mwembamba mwenye afya, akivutishwa oksijeni tupu vizuri kabla ya kulazwa usingizi, hukaa dakika sita au zaidi bila kupumua kabla kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hakijasoma chini ya asilimia 90. Mnene kupita kiasi mara nyingi hafikishi dakika tatu. Katika dakika hizo mtaalamu wa usingizi anatakiwa awe amefungua kinywa, ameona njia ya hewa, amepitisha mrija na amehakikisha umekaa mahali pake. Ndiyo maana tunasisitiza mito. Kunja mashuka, panga chini ya mabega na kichwa, inua hadi tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo cha juu ya mfupa wa kifua. Inua na meza upande wa kichwa. Haigharimu hata shilingi, na bado ni jambo la kwanza kurukwa pale watu wanapokuwa na haraka.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vingi vinavyoandikwa pwani za dunia havilitaji. Abiria wa basi la Mbeya akinunua pakiti ya krispu Dar es Salaam akaisahau kwenye begi, akishapanda mlima Kitonga ataikuta imetuna kama puto. Hewa ya nje imepungua msukumo. Iringa ipo kiasi cha mita 1,550 juu ya usawa wa bahari na Mbeya kama 1,700. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 17 hadi 18 kuliko Dar es Salaam. Kwa kijana mzima hilo si kitu, huyo anacheza mpira vizuri tu. Kwa mgonjwa mnene aliyelala chali, vifuko nusu vimefungwa, ile akiba ndogo inakuwa ndogo zaidi pindi anaporudishwa kwenye hewa ya kawaida ya wodini.

Nije kwenye kiini, yaani ukubwa wa pumzi moja.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa mahututi wenye mapafu yaliyoumia. Waliopewa pumzi za mililita 12 kwa kila kilo walikufa karibu asilimia 40. Waliopewa mililita 6 walikufa asilimia 31. Pumzi kubwa, ile iliyodhaniwa kuwa ya ukarimu, ilikuwa inachana mapafu. Tangu hapo hata mwenye mapafu mazima aliye mezani hupewa mililita 6 hadi 8 kwa kilo. Lakini kilo zipi? Hapo ndipo tunapoteleza. Ni kilo zinazokadiriwa kutokana na urefu, kwa sababu mapafu hayanenepi. Mtu akiongezeka kutoka kilo 60 hadi 120, kifua chake cha ndani ni kilekile.

Tufanye hesabu pamoja. Mama ana urefu wa sentimita 150 na uzito wa kilo 110. Kanuni ya wanawake inasema: 45.5, ongeza 0.91 mara urefu uliozidi 152.4. Yeye hajafika hapo, kwa hiyo tunapunguza, tunapata kilo 43 na kidogo. Mara 7, pumzi yake ni kama mililita 300. Anayetumia kilo za mzani atampa 770, jambo ambalo wengi wetu tungelishtukia. Hatari iliyo kimya ni ya anayemtazama akiwa amelala, mwili umejaa meza, akamkadiria sentimita 165. Atampa 400, theluthi nzima ya ziada. Na asiyekadiria chochote, akaiacha mashine kwenye 500 iliyozoeleka, amempa mililita 11 na nusu kwa kilo. Rudini kwenye zile namba za mwaka 2000.

Sasa unganisheni na udumavu. Mtoto aliyedumaa leo Kilolo au Mufindi ni mtu mzima mfupi wa kesho. Zipo tafiti zinazohusisha udumavu wa utotoni na kurundika mafuta tumboni pale maisha yanapokuja kunyooka. Mfupi na mnene kwa pamoja: huyo hasa ndiye ambaye macho humkosea urefu. Kwa hiyo naamini futikamba ina kazi kubwa zaidi Iringa kuliko mahali pengi. Pima kisigino hadi utosi akiwa bado macho. Ikishindikana, pima mfupa wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, kadiria kutoka hapo. Kwenye mafaili mengi niliyopitia, uzito umeandikwa. Nafasi ya urefu iko tupu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu shinikizo la kubaki mapafuni mwisho wa pumzi, kwamba tuliongeze tufungue vifuko vilivyojifunga. Ni hoja nzuri kwenye karatasi. Utafiti wa PROBESE, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wagonjwa wanene karibu 2,000 katika nchi 23, ulilinganisha shinikizo la sentimita 12 za maji pamoja na kufungua mapafu kwa nguvu dhidi ya shinikizo la 4. Mezani oksijeni ilishuka kwa wachache zaidi upande wa 12, ila presha ya damu iliporomoka kwa wengi zaidi. Baada ya upasuaji, matatizo ya mapafu yalikuwa asilimia 21.3 kwa 23.6, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Mimi nasimama katikati, nikimtazama mgonjwa, na simlaumu mwenzangu wa hospitali ya wilaya ambaye mashine yake haina hata kitufe hicho.

Mashine nazo, kwa kifupi tu. Jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, ndiko Paul Fenton alikofanya kazi Blantyre kabla ya kubuni mashine ya usingizi inayojitengenezea oksijeni na inayoendelea hata umeme ukikatika, mtu akisukuma mvukuto kwa mkono. Mkono nao hauna namba ya kuonyesha ukubwa wa pumzi. Mwaka 1952, polio ilipoivamia Copenhagen, Bjørn Ibsen aliwapanga wanafunzi wa udaktari kubana mifuko ya hewa kwa zamu, usiku na mchana, na walio wengi waliokoka. Ila anayebana mfuko kwa mgonjwa mnene huhisi ugumu wa kifua akabana zaidi. Mfundisheni abane hadi kifua kianze kuinuka, aishie hapo.

Mrija unatoka mgonjwa akiwa macho kabisa, ameinuliwa, nguvu za misuli zimerudi na anaweza kunyanyua kichwa. Kisha huja usiku. Muulizeni mumewe au mkewe mapema: anakoroma? Anakatika pumzi usingizini halafu anashtuka? Akijibu ndiyo, huyo hapewi mofini ya kawaida na kupelekwa kitanda cha mwisho cha wodi. Alazwe karibu na meza ya muuguzi, mgongo umeinuliwa, oksijeni puani, kifaa cha kidoleni kikiwa na betri iliyojaa.