Kutu Chini ya Rangi

Tulipoanza kufufua nyumbani pikapu kuukuu ya Land Rover, tulitamani rangi kwanza. Bodi ni ya alumini, kwani aina hiyo ilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Alumini haipati kutu. Lakini chesisi iliyo chini ni ya chuma. Tuligonga kwa nyundo, ikatoboka. Na humo tulikusudia kuwabeba wagonjwa! Ikatubidi kukata kilicholiwa, kuchomelea chuma kipya na kuweka breki bora; rangi ikangoja. Toba nayo huanzia pale jirani asipopaona. Tusimwombe Mungu atupake rangi tu, tumruhusu agonge. Amina.