Mama Aliniuliza: Mvua Itashukia Mteremko Upi?

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana, Bumbuli)



Mei 2024 sote tulikesha kwenye simu tukifuatilia Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha mapema; kimbunga kikafika Mafia tarehe 4, kikaishiwa nguvu. Tuseme ukweli, wataalamu wetu walifanya kazi. Lakini siku zile mama aliniuliza swali nikakosa jibu: "Mvua kubwa ikifika huku, itashukia mteremko wetu au ule wa ng'ambo?" Mnajua kwa nini aliuliza. Udongo wetu ukishashiba maji, unaporomoka na shamba, na nyumba.

Nikaenda kujisomea. Kompyuta ikiiga kimbunga huigawa anga katika miraba, kila mraba na namba yake moja ya mvua. Mraba wa kilomita 28 unaweza kumeza Mombo, Soni na Bumbuli kwa mpigo. Wajameni, Mombo jua linachoma, huku juu tumevaa masweta! Kompyuta inaona sehemu moja tu.

Basi tupunguze mraba? Sawa, ila kuna gharama. Ukiukata upande wake nusu, miraba inakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima zifupishwe nusu. Kazi inakuwa mara nane. Kutoka kilomita 28 hadi 3.5 ni mara 512!

Wenzetu wakatumia akili: weka miraba midogo pale kimbunga kilipo, itembee nacho, kwingineko iache mikubwa. Marekani ilianza kutumia mfumo wa namna hiyo, HWRF, mwaka 2007. Na WRF, programu iliyouzaa, ni ya bure. Kijana wa Bumbuli anaweza kuipakua usiku huu huu.

Kwa hiyo mtu asituambie hii ni anasa ya matajiri. Kinachotakiwa ni kompyuta zenye nguvu, umeme wa uhakika, vipimo vya mvua huku milimani vya kuhakiki majibu, na vijana wanaolipwa kuifanya kazi hiyo. Hayo ni mambo ya bajeti, na bajeti ni siasa. Mgombea yeyote akija kuomba kura, hata wa kwetu, mbaneni hapo.

Mama bado anasubiri jibu. Shamba lake la chai haliwezi kuhama.

Nguvu ya umma!