Je, Mbinguni Wanashangilia Mtoto Anapokufa?

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Ifakara)



Katika misiba ya watoto hapa bonde la Kilombero, mama aliyefiwa huambiwa: "Usilie, mwanao amekuwa malaika, huko juu wanashangilia." Wengine huongeza: "Kazi ya Mungu haina makosa." Tunasema hivyo kwa nia njema ya kufariji. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza kama ndivyo imani yetu inavyofundisha.

Kwanza, mtu akifa hageuki kuwa malaika. Malaika waliumbwa roho tupu. Binadamu hubaki binadamu, naye ana ahadi ya ufufuko wa mwili. Mtoto mchanga aliyebatizwa akifa, yumo miongoni mwa watakatifu, na jina lake ni lile lile mlilompa. Ambaye hakuwahi kubatizwa tunamkabidhi kwa huruma ya Mungu.

Pili, Injili ya Luka, sura ya 15, inaeleza furaha ya malaika: wanafurahi mkosefu mmoja anapotubu. Sura ya 16 inaeleza jinsi walivyomchukua Lazaro maskini hadi kwa Abrahamu. Kumbe wanampokea marehemu, lakini hatusomi kwamba wanakifurahia kifo chenyewe. Kitabu cha Hekima, sura ya 1, kinakataa kabisa kwamba Mungu ndiye aliyefanya kifo.

Je, wanalia? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijibu kwamba malaika hawahuzuniki, kwa kuwa wamo katika heri kamili. Lakini Yesu mwenyewe, ingawa alijua kwamba muda si mrefu angemfufua rafiki yake Lazaro wa Bethania, alilia pamoja na wafiwa. Kwa hiyo tusimkataze mama kulia. Tukae naye kimya.

Tatu, ikiwa kazi ya Mungu haina makosa, yetu inayo. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilisambazwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na wananchi walivinunua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 kwa asilimia 27. Kifo kinachoweza kuzuiwa na chandarua tusimbebeshe Mungu.

Sasa tutazame jumuiya zetu ndogo ndogo. Msiba ukitokea, daftari la rambirambi hufunguliwa siku hiyo hiyo, na jeneza hupatikana. Lakini mtoto akishikwa na degedege usiku, familia ikiwa kwenye kibanda cha shamba la mpunga, mara nyingi nauli ya kumfikisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko husubiri hadi kupambazuke. Tunachanga haraka kwa kuzika, na taratibu kwa kuponya.

Tunaleta mapendekezo mawili. La kwanza, kila jumuiya itenge sehemu ya mchango wake kwa ajili ya nauli ya wagonjwa, na fedha hizo zikae kwa mtu anayeweza kugongewa mlango usiku. La pili, kabla familia hazijahamia mashambani, wajumbe wapite nyumba hadi nyumba kuhakikisha kila mtoto anaondoka na chandarua kisichotoboka.

Ndugu wafadhili, tunashukuru kwa misaada yenu, na bado tunaihitaji. Lakini mfuko huu wa nauli tunataka uanze na shilingi zetu wenyewe, kama rambirambi zinavyoanza na sisi.

Tunaamini kwamba malaika huwapokea watoto wetu. Jukumu letu ni kuona kwamba hatuwapeleki kwao kabla ya wakati.