Mpangaji Anapoingia na Anapotoka: Haki na Wajibu katika Nyumba za Kupanga Dar es Salaam

Upangaji ni mapatano ambayo mwenye nyumba hutoa haki ya kutumia chumba au nyumba yake kwa muda fulani, na mpangaji hutoa kodi. Kwa Tanzania Bara mapatano hayo husimamiwa zaidi na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu inayohusu upangishaji. Awali ilikuwepo pia sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti viwango vya kodi za nyumba na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na muda vimebaki mikononi mwa wahusika wenyewe, na kwa kuwa mmoja wao ndiye mwenye nyumba, kinga ya mwingine iko kwenye mkataba.

Kinachoupa upangaji wa Dar es Salaam sura yake ni kodi ya mkupuo. Nairobi mpangaji huweka dhamana, kisha hulipa mwezi kwa mwezi, na ugomvi wa kuhama huko huwa juu ya dhamana hiyo kurudishwa au kutorudishwa. Dar es Salaam hutakiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingiza hata godoro. Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi humtoa mpangaji shilingi 900,000 za miezi sita, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, hivyo shilingi 1,050,000 zimekwisha kabla ya kukodi gari la kuhamia. Kwa hesabu hiyo, siku ya kwanza ya upangaji anayedai ni mpangaji: amelipia makazi ambayo bado hajayatumia. Ajabu ni kwamba wengi huingia kwa unyonge wa mdaiwa, wakaona haya kuuliza, na maswali ambayo hayakuulizwa siku hiyo ndiyo hurudi kuwa ugomvi siku ya kuhama.

Swali la kwanza ni nani anapangisha. Dalali ana ufunguo na maneno mengi, lakini hana nyumba, na fedha ya kodi haipaswi kupita mkononi mwake. Chumba kimoja kimewahi kukusanyiwa kodi ya watu wawili na watatu kwa njia hiyo. Katika mitaa ya zamani kama Magomeni na Ilala nyumba nyingi ni za urithi, na anayejiita mwenye nyumba huenda akawa mmoja tu wa ndugu. Mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ofisi ya serikali ya mtaa kwa kawaida inaijua familia na inaujua mgogoro wake, na nusu saa kwa mwenyekiti wa mtaa huokoa kodi ya nusu mwaka.

Mikataba mingi ni karatasi moja iliyochapwa steshenari, yenye nafasi za kujaza jina, kiasi na tarehe. Si mibaya kwa ufupi wake. Ubaya ni kwamba huorodhesha makatazo ya mpangaji na kunyamaza kuhusu mwenye nyumba. Mkataba unaofaa hutaja muda, kiasi, tarehe ya kulipa tena, urefu wa notisi kwa kila upande, nani anatengeneza nini, na hatima ya kodi iliyobaki pande zikiachana kabla ya muda. Kipengele hicho cha mwisho hukosekana karibu kila mahali. Muhuri wa serikali ya mtaa huthibitisha kwamba pande zimeonana, lakini hauondoi ushuru wa stempu: mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Kukagua nyumba ni kazi ya mchana, kabla ya vyombo kushuka. Bomba hufunguliwa na kuachwa litiririke, choo huvutwa maji, swichi huwashwa moja moja, na dari hutazamwa kwenye pembe, kwa sababu alama ya kahawia kama ramani kwenye silingibodi ni bati linalovuja hata kama ni kiangazi. Kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea na ukuta uliochimbwa na misumari ya mpangaji aliyetangulia hupigwa picha kwa simu, na picha hizo hutumwa kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo, ili tarehe ibaki pande zote mbili. Picha iliyokaa kwenye simu ya mpangaji peke yake ina nguvu ndogo.

Mita nazo zina historia. Ya umeme, yaani LUKU, inaweza kuwa na deni, na risiti ya umeme wa kwanza huonyesha makato. Bili ya maji ya DAWASA huifuata mita ya nyumba, hivyo mpangaji mpya anaweza kukatiwa maji kwa deni la mtu asiyemjua. Mita ya umeme hubeba pia kodi nyingine, na hapa Kiswahili chenyewe huchanganya, kwa kuwa kodi ya pango na kodi ya majengo zote ni kodi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Anayenunua umeme ndiye hukatwa, ingawa mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Mpangaji anayetunza risiti ana haki ya kudai fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi yake ya pango.

Katika kipindi cha kuishi wajibu ni mwepesi kueleza. Mwenye nyumba humwacha mpangaji akae kwa utulivu na huhakikisha nyumba inafaa kuishi binadamu. Mpangaji hulipa kwa wakati, hutunza nyumba, haongezi wala kubomoa kitu bila ruhusa, na humruhusu mwenye nyumba kukagua kwa taarifa na kwa saa za kistaarabu. Matengenezo ya dharura yanayofanywa kwa fedha ya mpangaji yahitaji kibali cha maandishi kabla ya fundi kuitwa, hata ujumbe mfupi wa simu. Risiti bila kibali huishia kuitwa hiari.

Kutoka huanza na notisi. Pale mkataba ulipokaa kimya na kodi ikalipwa kwa vipindi, notisi hulingana angalau na kipindi kimoja cha kulipa. Kwa hiyo mpangaji wa mwezi kwa mwezi hutoa mwezi, naye pia hupewa mwezi. Anayeondoka mapema kwa hiari yake hawezi kudai kodi iliyobaki kama mkataba haukumpa haki hiyo. Anayeondolewa na mwenye nyumba bila kosa ana madai yenye uzito. Kodi inapochelewa, kufuli la pili mlangoni, bati kung'olewa au vyombo kurushwa barazani si njia ya kisheria. Shauri hupelekwa kwanza baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 hupatanisha tu bila kuamua, na likishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kuhama, ukaguzi wa mwanzo hurudiwa kwa orodha ile ile, na wote wawili wakiwepo. Rangi iliyofifia na sakafu iliyopauka ni uchakavu wa kawaida, si deni. Mlango uliovunjwa na sinki lililopasuka ni deni. Feni na taa zilizonunuliwa na mpangaji hutoka naye ikiwa waya zitaachwa salama, ila zikizua ubishi, bei yake mara nyingi haifiki ya siku moja ya kazi iliyopotea kwenye kikao. Bili ya maji hulipwa na nakala yake kuachwa, na salio la umeme husomwa na kuandikwa. Funguo zote, pamoja na ule wa geti uliochongeshwa kwa ajili ya msichana wa kazi, hukabidhiwa kwa maandishi yenye tarehe na saini mbili, na karatasi hiyo husainiwa gari la kuhamia, kirikuu, likiwa bado limeegeshwa nje, kabla vyombo havijafungwa kamba.