Viti vya duara: tuliyojifunza kwa wapiga dalsima wa Kentucky

(Maneno yaliyosemwa na wanachama wawili mbele ya mkutano mkuu. Komite imeomba yaandikwe hapa kwa wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.)



Sisi wawili, bwana na bibi, tumeombwa tuseme kidogo juu ya ule mzozo wa mkutano uliopita. Mnaukumbuka. Wengine walisema: chama cha kusaidiana kazi yake ni kulipia dawa, kusimama kwenye matanga, kuendesha likelemba. Muziki haujazi chungu. Tunawaheshimu waliosema vile, maana hata sisi zamani tulisema vile vile. Leo tunaomba mtusikilize juu ya chombo kimoja cha milima ya Marekani kinachoitwa dalsima, na juu ya watu wanaokutana kukipiga. Kisha tutarudi hapa nyumbani, kwa mzee wetu na lulanga yake.

Wengi wenu mnajua njia yetu. Tulivuka ziwa mwaka 1996, tukakaa kambini Tanzania miaka mingi, mwishowe tukapelekwa Lexington, katika jimbo la Kentucky. Kule Wakongomani ni wengi. Sokoni na shuleni unasikia Kiswahili mpaka unasahau uko wapi. Lakini kazi yetu ilikuwa ya usiku, mchana tunalala, na Kiingereza hakiingii. Mama huyu aliyesimama hapa alikaa miezi bila kuzungumza na jirani hata mmoja. Si kwamba walikuwa wabaya. Hakukuwa na neno la kuanzia.

Siku moja bibi mzee wa nyumba ya pili akatufanyia ishara tumfuate. Alitupeleka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Tukakuta viti kama kumi na mbili vimepangwa duara, wazee kwa wazee, kila mmoja ana kisanduku chembamba cha mbao juu ya mapaja. Wakatupa kiti. Kisha, mbele ya kutuuliza majina, wakatupa chombo.

Hebu tuwaeleze chombo chenyewe. Dalsima ni ndefu kama mkono, imekaa sawa kibuyu chenye kiuno, au yai lililovutwa. Haishikwi kifuani kama gitare. Unailaza mapajani. Iko na nyuzi tatu. Wengi wanaweka nne, mbili za upande wako zikae karibu na zilie pamoja. Ule uzi wa karibu nawe ndio unaobeba wimbo. Zile zingine mbili, zamani hazikuguswa kabisa na mkono wa kushoto: zililia tu chini ya wimbo, sauti ileile moja, toka mwanzo mpaka mwisho. Wazee wa milimani walitumia kijiti kubonyeza uzi, na unyoya wa bata au wa batamzinga kuupiga. Siku hizi wengi wanatumia vidole na kipande cha plastiki.

Wanakwaya mtaelewa upesi. Wengi wanaifunga nyuzi kwa do-sol-do. Na vile vijiti vya chuma vilivyopigiliwa kwenye shingo havikupangwa kama vya gitare. Vinafuata ngazi ya do-re-mi. Sauti nyingi za katikati zimeachwa. Njo sababu mtu ambaye hajapiga kitu maishani anaweza kupata wimbo mdogo siku ileile. Hata kusoma noti si lazima. Wanaandika namba tu: bonyeza nafasi ya 2, ya 3, ya 4.

Ile siku ya kwanza walituonyesha kwa vidole: ninyi pigeni zile nyuzi mbili za chini tu, basi. Do na sol. Hatukujua hata wimbo wenyewe. Lakini wao walibeba wimbo, sisi tukabeba zile sauti za chini, na ikawa muziki. Walipomaliza, yule bibi aliweka mkono juu ya mkono wa mama huyu. Hakusema neno. Tulirudi nyumbani na dalsima ya kuazima. "Mtairudisha mkipata yenu," njo tulivyoelewa baadaye.

Tukaendelea kwenda. Njo pale tulianza kuona jinsi watu hawa wanavyojipanga, na tunataka mlione hilo zaidi ya chombo.

Kwanza, duara. Hakuna jukwaa. Zamu inazunguka, na kila mmoja anachagua wimbo mmoja, hata yule aliyejua wimbo mmoja peke yake. Akichagua uleule mwezi ujao, wanaupiga uleule tena.

Pili, mwendo. Wale hodari wanapenda kukimbia, na mwanafunzi akiachwa mara mbili harudi. Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya polepole. Wanaotaka kukimbia wanangoja saa ya pili. Hili lilileta manung'uniko hata kule. Wako wanaoshika namna ya zamani ya kijiti, na wako wanaopiga nyuzi zote tatu kwa vidole, na kila upande unaona upande wa pili umepotea. Lakini viti havikuondolewa.

Tatu, kuazima. Vikundi vingi vinaweka vyombo vya akiba kwa wageni. Kwa watoto na kwa wanaoanza ziko hata dalsima za kartoni: shingo ni ya mbao, mwili ni karatasi ngumu iliyokunjwa. Zinalia vizuri kuliko mtakavyofikiri.

Nne, chakula. Kila mtu analeta kitu. Hapo sisi tulijua la kufanya: tulipeleka sambusa na wali, na sufuria ilirudi nyumbani tupu.

Kuna mikutano mikubwa pia. Kila mwaka mwezi wa Juni, katika mji wa Bardstown kulekule Kentucky, watu wanakaa wiki nzima wakifundishana. Winfield, katika jimbo la Kansas, wanashindana kila Septemba. Toka mwaka 1975 walikuwa na gazeti lao, Dulcimer Players News, ambalo lilimwambia mtu aliye peke yake kijijini kwamba wenzake wako wapi na wanakutana lini. Gazeti hili mnaloshika, Ndugu Prezida, linafanya kazi ileile.

Sasa mtauliza: watu hawa walitoka wapi na huu moyo? Tuliuliza pia. Wakatuambia historia, na kumbe ni historia ya watu wanaohama, sawa vile sisi.

Dalsima ilizaliwa katika milima ya Appalachia. Wanaoichunguza wanaona imetokana na chombo cha Wajerumani kinachoitwa scheitholt, kilicholetwa na wahamiaji. Na nyimbo nyingi zilizopigwa juu yake zilikuja na watu wa Scotland, Ireland na Uingereza. Milimani kukawa na fundi mmoja, James Edward Thomas, wa wilaya ya Knott, mashariki mwa Kentucky. Alizaliwa 1850, akafa 1933. Alitengeneza dalsima karibu 1,500, akiziweka namba, na alizizungusha kwa mkokoteni akiziuza. Fundi huyu alimfundisha kijana mmoja, Jethro Amburgey. Amburgey akawa mwalimu wa useremala katika shule ya Hindman, iliyoanzishwa mwaka 1902, na yeye akatengeneza zaidi ya 1,000. Angalieni hesabu hiyo. Mzee mmoja, kijana mmoja, na kazi ya mkono ikavuka kutoka karne moja kwenda nyingine.

Kisha watu wakaanza kuondoka milimani. Mashine zilichukua nafasi ya watu katika migodi ya makaa ya mawe, na baada ya Vita Kuu ya Pili jamaa nzima nzima zilihamia Cincinnati na Detroit kutafuta kazi ya kiwanda. Mjini walichekwa kwa namna yao ya kusema. Wengi waliona haya ya vitu vya nyumbani.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye hakuona haya. Jean Ritchie alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Viper, mtoto wa mwisho kati ya 14. Alikwenda New York kufanya kazi ya kusaidia watoto wa kartye za maskini, akawapigia dalsima ya kwao. Watu wakataka kujua hicho ni nini. Bwana yake, George Pickow, akaanza kuzitengeneza hapo New York, na mwaka 1963 Jean akatoa kitabu cha kufundisha kuipiga. Watu wengi wa miji waliijua dalsima kupitia kwake. Uzeeni alirudi Kentucky, akakaa Berea, na huko alifariki mwaka 2015. Kwa lugha yetu, alikuwa mrudi.

Jambo la mwisho la kule, kisha tunarudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2022, mvua kubwa ilishuka mashariki mwa Kentucky. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mto unaopita Hindman uliingia katika nyumba ya makumbusho ya dalsima, katika karakana ya vyombo, na katika kumbukumbu za ile shule. Tope lilifunika mbao za wazee. Sisi tuliotoka huku tulijua picha hiyo. Aprili 2020 Mulongwe ilipita ndani ya Uvira, na wako kati yenu waliozika watu wao.

Tuliona basi mambo mawili. La kwanza: vyombo vingi viliharibika, na hilo ni hasara kweli, tusidanganyane. La pili: nyimbo hazikuharibika, kwa sababu hazikuwa zimekaa katika nyumba moja. Zilikuwa katika mikono ya watu mia na mia, katika kumbi za makanisa, Ohio, Tennessee, hata kwetu sisi wawili wa Kongo.

Sasa tuko nyumbani. Hapa kwetu nani anapiga lulanga?

Lulanga ya Bashi, pamoja na inanga ya Burundi na Rwanda, ni ndugu wa mbali wa dalsima: ubao uliochimbwa kama sinia refu, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Baba mzazi wa mama huyu alikuwa nayo. Ilibaki nyumbani mwaka 1996, juu ya ukuta, tulipokimbia. Katika chama chetu leo tunajua mtu mmoja tu anayeweza kuifunga nyuzi na kuipiga. Ni mzee, leo ameketi pale nyuma. Vijana wetu waliozaliwa kambini hawajaishika. Wanamwona mzee mwenye kikohozi, basi.

Hatuombi chama kinunue dalsima. Hatuombi tamasha. Tunaomba vitu vinne, na komite imeshapata hesabu yake kwa franka.

Jumamosi ya pili ya kila mwezi tupewe ukumbi huu, na viti tuviweke duara. Mzee alipiwe nauli ya pikipiki kwenda na kurudi. Seremala wetu apewe mbao za kuchimba lulanga nne chini ya macho ya mzee, ziwe za kuazimwa, ziandikwe katika kitabu cha chama. Na vijana wawili, msichana na mvulana, wachaguliwe leo wakae karibu naye kila mara. Chakula tutaleta wenyewe.

Na kwa wale waliosema muziki haujazi chungu: ni kweli, haujazi. Lakini ninyi wenyewe mnajua mtu aliyerudi ambaye hatoki nyumbani, ambaye hatuambii ana deni wala ana ugonjwa mpaka tunaitwa matanga. Sisi tulikuwa mtu huyo, kule ugenini. Kile kiti cha ukumbi wa kanisa njo kilituwezesha kusema, miezi sita baadaye, kwamba mtoto wetu ni mgonjwa na hatujui kwa kwenda. Watu wa duara walitupeleka. Hilo nalo ni kusaidiana.

Mzee ana nguvu mwaka huu. Mwaka ujao hatujui. Ndugu Prezida, tunaomba mkutano upige kura leo, mbele ya watu kutawanyika.