Kingereza tukiandike, tusingoje



Leo hatuongei maji wala umeme. Tunaongea Kingereza. Wengine watacheka: raia wenye kudai haki zao wanatafuta nini kwenye Kingereza? Subirini kidogo.

Tuko wengi hapa wenye diploma za universite na hatuna kazi. Matangazo mingi ya kazi za migodi, chini kabisa kuko ule mstari: Kifaransa na Kingereza. Hapo dosiye inarudi kwenye farde. Kwenye sekondari tulikopya grama ndani ya kaye, tukapata pointi, lakini nani alituomba kuandika barua moja ya kweli? Ndiyo maana vijana banasema: «Kingereza inatukatala.»

Sasa angalieni mgodi ulio hapa kwetu. Katika Ruashi Mining, asilimia 75 ni ya Metorex, 25 ni ya Gécamines; na Metorex iko mikononi mwa Jinchuan ya China tangu 2012. Tawi la Jinchuan lililoingia soko la hisa la Hong Kong limetoa ripoti zake kwa Kingereza na Kichina. Humo muko tani za shaba na kobalti zilizotoka chini ya udongo wa komini yetu. Wenye hisa wa mbali wanazisoma. Na Code minier ya 2018 inasema kampuni itoe 0,3% ya «chiffre d'affaires» kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Nani kati yetu atapiga hesabu hiyo, kama hawezi kusoma ukurasa wenye ile namba?

Na hapo maneno yanadanganya. «Revenue» ya Kingereza inafanana na «revenu» ya Kifaransa, lakini ndani ya ripoti ni mauzo yote kabla ya kutoa gharama: ndiyo «chiffre d'affaires» yenyewe. «Benefit» inafanana na «bénéfice», lakini faida ya kampuni wanaiita «profit». Ukichanganya hayo, utaingia kwenye mkutano kudai kitu kingine kabisa.

Kwenye CV ni vilevile. Mtu anaandika kwamba alifanya «stage» ya miezi mitatu; Mwingereza akisoma anaona jukwaa la wanamuziki. Neno ni «internship». Na umri: kwa Kiswahili niko na miaka 25, kwa Kifaransa pia mtu ana miaka, lakini kwa Kingereza mtu «ni» miaka 25: «I am 25». Hiyo hautaipata kwa kusikiliza tu muziki wa Marekani. Inaingia ukiandika, mwenzako anasoma, anaikata na biki nyekundu.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mtu ukurasa moja kwa juma. Siyo ile insha ya vakansi. Vakansi gani, sisi ambao hatuna kazi? Andika Ruashi: bei ya bidoni ya maji, siku ngapi umeme ulikosa, mama anayeuza unga sokoni. Ukiandika kitu unachokijua, kichwa kinatafuta maneno tu. Halafu usijifungie na kaye yako. Picha ya ukurasa kwa WhatsApp haikuli mega mingi. Mwenye kusahihisha achague makosa matatu, asitie wekundu kila mahali, watu watakimbia. Juma linalofuata, andika tena ukurasa uleule. Hiyo kazi ya kuandika tena inachosha, tunajua, na ndiyo inasaidia kuliko zote.

Kuko wanaosema Kingereza ni ya wageni, sisi tuko na Kiswahili. Kweli, na hatukiachi. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Lakini ukivuka tu Kasumbalesa, makaratasi ya Zambia ni Kingereza. Na tangu 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kule Kiswahili chetu kitatusaidia sokoni. Kwenye maofisi watatuomba ile ingine.

Tunaanza siku ya posho, mchana. Leta kaye, biki mbili, na ukurasa wako wa kwanza: maji kwenye avenue yako. Mwenye kamusi ailete pia. Tuko na moja tu, na kurasa za herufi S zimeshapasuka.