Sahihi kwenye Karatasi Bado si Ridhaa

Hotuba ya ofisi yetu ya miradi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu, katika mafunzo ya maadili ya utafiti



Tangu asubuhi mmefundishwa juu ya wizi wa maandishi, kupika takwimu, na namna ya kuomba vibali. Waliotutangulia wameyaeleza vizuri, nasi hatutayarudia. Sisi tunatoka upande wa wanaoulizwa maswali, na huko ndiko tunakotaka kuwapeleka kwa dakika chache.

Tuanzie mbali. Huko Arizona, Marekani, chini katika bonde la Grand Canyon, wanaishi watu wa kabila la Havasupai. Kisukari kilikuwa kimewasumbua sana. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichukua damu yao, nao wakaitoa wakiamini inakwenda kutafutiwa chanzo cha kisukari. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo alihudhuria chuoni hapo mwanafunzi wa uzamivu akiwasilisha utafiti wake. Akasikia damu ya watu wake ikitajwa katika jambo lisilohusu kisukari. Akauliza kama ruhusa iliombwa. Ikaja kufahamika kwamba damu ile ilitumika kuchunguza ugonjwa wa akili, kuzaana kwa ndugu, na hata mababu zao walikotoka, wakati mapokeo yao yanasema chimbuko lao ni bonde lile lile. Kesi zikafunguliwa. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha damu iliyobaki.

Angalieni jambo moja hapo. Karatasi za ridhaa zilikuwapo, na zilisainiwa. Maneno yake yalikuwa mapana, yakitaja magonjwa ya tabia na ya mwili kwa jumla. Waliosaini walifuata walichoambiwa kwa mdomo, yaani kisukari.

Sasa turudi nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita alifika mtafiti katika usharika wetu mmoja wa pembezoni. Kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) alikuwa nacho, na barua zote zilikuwa sawa. Alitaka kujua habari za mikopo katika vikundi vya akina mama, na jinsi madeni yanavyoathiri nyumba zao. Tukagonga muhuri. Jumapili akatambulishwa kwenye matangazo, na mwinjilisti akawaomba akina mama wabaki baada ya ibada. Wakabaki wote. Wakasaini wote, na wasiojua kusoma wakaweka dole gumba.

Baadaye tulipowauliza, mama mmoja alitujibu, "Kanisa limeshatangaza, mimi ni nani nikatae?" Mwingine alidhani wanaandikishwa kwa mradi wa mbuzi. Wa tatu alikuwa ameeleza mambo ya ndoa yake katika chumba ambacho mwinjilisti alipita mara mbili kuchukua vitabu. Habari zile zilifika bombani kabla ya mtafiti kufika stendi. Mama yule aliacha kikundi, na hajarudi mpaka leo.

Hatuwezi kumtwika mgeni lawama peke yake. Muhuri ulikuwa wetu. Na kusema kweli, utafiti ule tuliutaka, kwa maana takwimu zake zingetusaidia katika andiko la mradi kwa wafadhili wetu. Wakati ule hakuna aliyetuuliza juu ya hilo, wala sisi wenyewe hatukujiuliza.

Siku hizi mtafiti hatangazwi kanisani. Hukutana kwanza na kamati ya usharika, kisha na wahusika wenyewe, bila mchungaji wala mwinjilisti. Wanapewa siku mbili au tatu za kufikiri. Wanaambiwa waziwazi kwamba akubaliye na akataaye, mradi hautambagua. Hatukubuni jambo jipya sana. Watu wa San kule Afrika Kusini waliandika kanuni zao wenyewe mwaka 2017, wakidai heshima, ukweli na haki kutoka kwa kila mtafiti.

Utaratibu huu una gharama, tusifichane. Usharika mmoja ulikataa kabisa. Mwanafunzi alipoteza wiki tatu, msimamizi wake akatuandikia barua kali, na mfadhili mmoja akataka maelezo. Tulimweleza kama tunavyowaeleza ninyi. Kama watu hawawezi kusema hapana, ndiyo yao hamwezi kuiandika kwenye tasnifu.

Ombi letu ni dogo. Katika bajeti zenu wekeni nauli ya kurudi. Watafiti wengi wamesaini daftari la wageni la usharika ule, lakini aliyerudi na matokeo ni mmoja tu. Alikuja na basi la jioni, akalala kwa mzee wa kanisa, na kesho yake akawasomea akina mama kurasa nne za Kiswahili. Wakabishana naye mpaka saa kumi. Mama mmoja, aliyeishia darasa la nne, alimwonyesha kwamba hesabu yake ya riba imekosewa. Tasnifu ilikuwa imeshapita, lakini makala yake ya jarida ilikuwa bado. Akaisahihisha pale pale, kwa kalamu ya katibu wa kikundi.